Msitu Uliochorwa kutoka Nje

1

Mchoro ulikuwa unakufa kuanzia katikati.

Mghoi Mwambili aliligundua hilo akiwa ananing'inia kwa kamba mbele ya jabali la Mwarangu, nyayo zimekita mwambani na mgongo umelielekea bonde zima la Taita. Alivua glavu, akagusa. Mahali palipotakiwa kuwa na ubaridi na unyevu palikuwa pakavu, na chembe za kijivu zikabaki kwenye kidole chake kama unga. Akainusa ile ncha ya kidole. Haikuwa na harufu ya udongo ulionyeshewa. Haikuwa na harufu yoyote.

"Kaka, nilegezee kamba kidogo," alisema kwenye redio.

"Kidogo chako au kidogo cha binadamu wengine?" Mwakio, kaka yake wa pekee, alikuwa juu ya jabali akisimamia kapi. "Juzi uliniambia kidogo, nikakushusha, ukalia kama mbuzi wa Krismasi."

"Mita moja."

"Si useme hivyo. Msomi mzima."

Kamba ikalegea. Mghoi akashuka akipita mbele ya kazi yake mwenyewe, na kama ilivyokuwa kila mara, ukubwa wake ulimfanya apumue polepole. Mchoro ulienea kama uwanja wa mpira uliosimamishwa wima. Aliuchora kwa misimu mitatu ya ukungu: mashina, mizizi inayokumbatia mawe, kangaga zilizokunja ncha zake, okidi ndogo zisizozidi ukucha. Kwa mtu aliyesimama barabarani Wundanyi, ulionekana kama msitu uliotoboa mwamba kutoka ndani na kuchungulia nje. Na haukuwa umetulia. Pembezoni mwake, mahali palipochorwa kangaga kwa kijani, kangaga za kweli zilikuwa zimeota, zikitikiswa na upepo juu ya picha zao.

Rangi hai haikuwa rangi kwa maana ya zamani. Kila kopo lilihifadhi jamii nzima ya viumbe: mwani, kuvu, mbegu ndogo kuliko vumbi, na bakteria ambao juu ya ngozi yao mvuke hugeuka tone mapema kuliko mahali pengine popote. Vyote vililala ndani ya gundi ya mgunga mpaka ukungu uviamshe. Vikiamka vilishikana, vikaanza kuyachana mawingu kama kitana kinavyochana nywele, na maji yaliyonaswa yakateremka mwambani kwenda kwenye chemchemi za chini. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha. Joto lilikuwa limeinua sakafu ya mawingu, ukungu ulipita juu ya misitu bila kuigusa, na chemchemi zilikuwa zinakauka moja baada ya nyingine.

Hapo mwanzo watafiti hawakuhitaji wachoraji. Walinyunyiza uji wa viumbe hao kwa ndege zisizo na rubani, na uji ukaishi msimu mmoja. Wakaziachia kompyuta zipange nani aote kando ya nani. Mipango ya kompyuta ilidumu mara chache. Kisha mtu mmoja, kwa mzaha, akanakili mwambani mchoro wa msitu uliochorwa na mwalimu wa shule aliyekuwa ameuangalia msitu huo maisha yake yote, na mchoro ule ukaishi. Wakajaribu mwingine, ukaishi pia. Ilionekana kwamba jicho lililokaa mahali pamoja kwa miaka hujua njia za maji na vivuli kabla mwenye jicho hajajua kuwa anajua. Hakuna mtafiti aliyeyapenda matokeo hayo, lakini yalijirudia, na kinachojirudia hakibishiwi.

Mghoi aliyaamini kwa sababu hiyo tu. Alikuwa mtaalamu wa mimea kabla ya kuwa mchoraji wa mwamba, na maneno kama "roho ya msitu" yalimchosha.

Aliendelea kushuka, akipima unyevu kila hatua na kutamka vipimo kwenye kinasa sauti. Pembeni, hai. Ndani kidogo, dhaifu. Katikati, umekufa. Alipofika chini kabisa alibaki ananing'inia, akiutazama mchoro kutoka pembe ambayo hakuwahi kuutazama, na ndipo akaliona kosa lake.

Kila mmea aliouchora ulikuwa mmea wa ukingo. Ile ilikuwa mimea inayovumilia jua la ubavuni na upepo wa kondeni. Alikuwa ameijaza katikati ya mchoro, mahali ambapo jua la ubavuni halipaswi kufika.

"Mbona kimya?" Mwakio aliuliza. "Umelala?"

"Kaka, msitu wetu nimeuchora nikiwa nimekaa wapi?"

"Swali gani hilo? Pale pale. Kwenye jiwe lako, nje ya mpaka. Ungekaa wapi pengine? Ndani ya fighi?"

2

Fighi ya Mlondo ilikuwa kipande cha mwisho cha msitu wa ukungu upande huo wa milima, na ukubwa wake haukuzidi kiwanja cha shule. Ilikuwa imebaki kwa sababu moja: ilikatazwa. Wadawida, wenyeji wa milima hiyo, waliiweka tangu enzi zisizokumbukwa iwe kinga ya nchi, na sheria yake ilikuwa fupi. Haingii mtu ila walinzi na yule waliyemwingiza kwa haja. Hakitoki kitu, hata kijiti kikavu, hata tope la kwenye viatu.

Mghoi alikaa nje ya mpaka huo tangu alipokuwa na umri wa kushika brashi. Hakuwahi kuingia, wala hakuwahi kutamani kuingia. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Hata aliporudi kutoka chuo kikuu na shahada mbili, alikaa kwenye jiwe lile lile, akachora alichokiona kati ya mashina, na akaamini ameuchora msitu.

Mlinzi mkuu wa fighi, Mwadime, alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, fundi wa nyavu za ukungu zilizotegwa kileleni kukinga maji ya kunywa. Mghoi alimkuta akizibua bomba lililoziba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuchora? Leo sina chai ya bure."

Mghoi alimweleza kwa mpangilio: vipimo, ukavu wa katikati, kosa. Mwadime alisikiliza akiendelea kusukuma waya ndani ya bomba.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "umechora mlango miaka yote hiyo ukadhani ni nyumba."

"Ndiyo."

"Na sasa unataka kuingia ndani."

"Nataka kuona. Nisipoona, mchoro wote utakufa kabla ya msimu ujao."

Mwadime akauweka waya chini. Alinawa mikono, akachukua muwa uliokuwa umeegemezwa ukutani, akamwashiria amfuate.

Walipofika mpakani alitafuna kipande cha muwa, akayapuliza maji yake hewani kwa mdomo huku akitaja jina la Mghoi, la baba yake na la haja iliyomleta. Kisha wakaingia.

Mghoi alikuwa amejiandaa kwa giza. Hakuwa amejiandaa kwa sauti. Nje kulikuwa na kiangazi. Ndani maji yalidondoka kila mahali, tone moja hapa, jingine pale, bila mvua na bila mto. Yalitoka kwenye mawe. Kila jiwe lilikuwa limevikwa kitu kinene cha kijani kilichoiva, laini kama manyoya ya ndama, na kila unywele wa kitu hicho ulibeba tone nchani. Alipiga magoti. Alijua mimea ya milima hiyo kwa majina yake ya Kilatini, na huu hakuujua.

"Unaitwaje?"

"Sufi ya mawe. Kwani chuo hawakukwambia?"

"Chuo hawajawahi kuuona."

Akauwekea kiganja juu bila kuugusa. Ubaridi ulipanda mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akaelewa, kwa haraka iliyomtia kizunguzungu, jinsi mahali pale palivyofanya kazi: mimea ya ukingo iliuvunja upepo, kangaga zikaupunguza mwendo, na ukungu ulipofika hapa ukiwa umechoka, sufi ya mawe iliunywa. Huu ulikuwa moyo wa pampu. Miaka yote alikuwa amechora mabomba.

Alikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi. Hakuruhusiwa kamera, akatumia macho. Alifuata kila mstari wa maji kutoka jiwe hadi jiwe mpaka akahakikisha anaweza kuurudia akiwa amefumba.

"Nahitaji huu mmea, mjomba," alisema. "Picha yake peke yake haitoshi. Rangi lazima itengenezwe kutokana na mmea wenyewe ukiwa hai."

"Hakitoki kitu."

"Fighi hii inakufa. Sakafu ya mawingu imeshapanda juu yake. Hata ukikilinda kila kijiti, baada ya miaka michache utakuwa unalinda kuni."

"Mwanangu, vipimo vya ukungu huvisoma nani kila asubuhi? Wewe au mimi?" Mwadime hakupandisha sauti. "Najua inakufa. Kuna siku hurudi nyumbani nikashindwa kula. Lakini nikitoa kitu leo kwa sababu nzuri, kesho atakuja mtu na sababu nzuri kuliko yako. Sheria iliyotuachia haya mawe haikuwahi kuuliza sababu."

Maji yaliendelea kudondoka.

"Ila," Mwadime akasema, "mpaka umewahi kusogezwa. Wakati wa babu zangu fighi iliongezwa upande wa mashariki. Ndani ya fighi nyani hubeba mbegu kutoka mti huu hadi ule, na hatujamfunga hata mmoja. Kama jabali lako lingekuwa ndani ya mpaka, hakuna kitu kingekuwa kimetoka."

Mghoi alimtazama. Hesabu ikajipanga yenyewe kichwani mwake, na haikumfurahisha.

"Mpaka ni lazima uwe mmoja. Usiokatika."

"Usiokatika."

"Na kati ya hapa na jabali kuna shamba la Mwakio."

"Na nyumba yake," Mwadime alisema. "Na jambo la pili ulijue kabla hujaenda kwake. Jabali likishakuwa fighi na mpaka ukifungwa, ni fighi kwako pia. Hutashika brashi pale tena. Ukiona umekosea, utaliangalia kosa lako kutoka nje kama watu wengine."

3

Shamba la Mwakio lilikuwa na matuta saba yaliyojengwa kwa mawe, kila tuta limeinuliwa na mtu wa kizazi tofauti. Alikuwa akivuna kabichi aliposikiliza maneno ya dada yake. Hakuacha kuvuna. Kisu kilikata, kabichi ikatupwa kwenye kikapu, kisu kikakata tena.

Mghoi alieleza kila kitu, na hakupunguza. Eneo lote kutoka tuta la kwanza hadi la saba lingeingia ndani ya mpaka. Nyumba ingeachwa ioze ilipo. Mwakio na mkewe wangehamia kwenye kipande cha mama yao kule chini, ambako kabichi hazikubali tena.

"Na mchoro ukipona?" Mwakio aliuliza.

"Chemchemi nne zina nafasi nzuri ya kurudi. Labda tano. Za vijiji vya chini."

"Si yangu."

"Si yako. Wewe hutakuwepo hapa, na kwa mama hakuna chemchemi."

Kisu kikakata. Mwakio akageuka, akampa mgongo, akainua kikapu begani.

"Chukueni," alisema.

"Kaka..."

"Nimesema chukueni. Ulitaka neno, nimekupa neno. Nina kabichi za kupeleka sokoni."

Akashuka ngazi za mawe bila kutazama nyuma.

Mghoi alibaki kwenye tuta la nne na neno lake. Utabiri wa hali ya hewa ulionyesha ukungu mzito wa mwisho wa msimu ukipanda kutoka pwani, na rangi ingehitaji ukungu huo ili iamke. Alichohitaji alikuwa nacho. Alipofika kwa Mwadime ndipo alipoulizwa swali ambalo hakuwa amejipangia.

"Amekubali?"

"Amesema tuchukue."

"Amesemaje? Unajua tunavyofanya. Shamba lenye hasira ndani yake haliingii fighi. Tukiifungia hasira ndani ya mpaka, tumeifungia milele, maana hakitoki kitu. Mwenye shamba ni lazima aje atase, yaani apulize maji ya muwa pamoja na yote aliyonayo moyoni mbele yetu, abaki mweupe." Alimtazama usoni. "Lakini wewe ni mtu wa vipimo. Hukudanganya ulipokosea mchoro, ulikuja ukaniambia. Ukisema kaka yako amesema kwa moyo mweupe, sitamsumbua kumwita. Tutaanza sasa hivi."

Mghoi hakuwa mtu wa kuamini kwamba hasira huzikwa ardhini. Hakuna kifaa kilichowahi kuipima. Neno moja lake lingeokoa msimu, mchoro na chemchemi nne, na kosa pekee lingekuwa kuhusu kitu ambacho, kwa ushahidi wote alionao, hakipo.

Lakini swali halikuwa kama hasira huishi ardhini. Swali lilikuwa jinsi Mwakio alivyosema, na hilo alikuwa ameliona kwa macho yake. Mchoro mmoja aliokwisha kuuchora vibaya ulitosha.

"Alisema akiwa amenipa mgongo," Mghoi alijibu.

Mwadime alitikisa kichwa polepole.

"Basi bado," alisema.

4

Alirudi kwa Mwakio jioni ile, akamkuta akipanga vikapu vitupu, akamwambia jibu alilompa Mwadime.

Mwakio alikiweka kikapu chini.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba hukukubali."

"Nilikubali!"

"Hukukubali, kaka."

"Nani alikutuma unisemee? Nikikataa, mimi ni adui wa vijiji. Nikikubali, mimi ni mwongo! Nifanyeje, dada yangu, nikuchoree?" Alikuwa tayari amevaa viatu. "Twende. Twende huko huko mpakani. Mnataka kusikia? Mtasikia."

Walipita kwa Mwadime, naye akachukua muwa bila kuuliza. Jua lilikuwa bado halijagusa milima ya magharibi walipofika. Mwakio alitafuna kipande, akajaza mdomo, akasimama akiwatazama wote wawili huku mashavu yamefura. Isingekuwa uzito wa jambo lenyewe, Mghoi angecheka. Kisha akapuliza, maji ya muwa yakang'aa hewani, na maneno yakatoka nyuma yake.

"Nina hasira na wewe, Mghoi! Tangu utotoni unakaa kwenye lile jiwe unachora miti. Nyuma yako kuna matuta saba. Nyuma yako! Babu alivunjika mguu akijenga la tano. Mimi nimelima kiangazi ambacho wenzangu walikimbilia Mombasa kubeba mizigo. Hukuwahi kugeuza shingo. Kwako miti ni uzuri wa nchi, kabichi ni mboga tu. Hukuwahi kuchora hata tuta moja!"

Alitafuna tena, akapuliza.

"Na nina hasira kwamba uko sahihi. Ningekuona mjinga ningelala usingizi. Naangalia maji ya tangi langu yakishuka mwaka hadi mwaka. Najua kusoma tangi, hata bila shahada."

Mghoi alikuwa amesimama wima kama mtu anayepimwa urefu. Hakuna hata neno moja katika hayo lililokuwa la uongo. Alilitafuta, hakulipata.

Mwadime akamnyooshea yeye muwa.

"Na wewe."

"Mimi sitoi shamba."

"Unatoa kazi yako. Puliza."

Alitafuna. Utamu ulimshtua. Hakujua alikuwa na hasira na nani mpaka mdomo ulipojaa, na alipopuliza, sehemu kubwa ilimwangukia kidevuni.

"Nina hasira na nyinyi mlionifundisha kutoingia," alisema. "Wewe mjomba, na baba, na mama. Niliwatii. Kama ningekuwa mtundu, nikaingia mara moja tu, ningeuchora mchoro sawa mara ya kwanza, na kaka angebaki na nyumba yake."

"Ungeingia," Mwadime alisema, "na wenzako wangeingia. Leo pasingekuwa na cha kuchora."

"Najua. Ndiyo maana nina hasira."

Mwakio alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa. Alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Futa kidevu, unanata," alimwambia dada yake. Kisha, akiwa amemgeukia uso kwa uso: "Jua litalichukua hili shamba bila kuniuliza. Wewe angalau umeuliza, tena mara mbili. Lichukueni."

5

Walinzi waliuongeza mpaka kwa kuuzunguka kwa miguu, wakipuliza maji ya muwa kila kona, kutoka fighi ya zamani, kupitia matuta yote saba, hadi juu na chini ya jabali la Mwarangu. Waliacha pengo moja, upana wa mtu, kwa ajili ya Mghoi na kaka yake.

Alibeba sufi ya mawe kwenye trei zenye maji, akapita nayo juu ya kabichi ambazo hazingevunwa. Alitengeneza rangi pale pale chini ya mwamba. Kisha akapanda, akaikwangua katikati yote iliyokufa, na akachora upya kwa kumbukumbu: jiwe baada ya jiwe, mstari wa maji baada ya mstari wa maji. Mwakio alisimamia kapi na hakutania. Siku zile Mghoi hakuchora alichokijua kuhusu misitu. Alichora alichokiona alipopiga magoti.

Alipomaliza, aliona tawi moja la mchoro, upande wa kushoto, limeinama kupita kiasi. Alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Ukungu ulikuwa umeshaanza kupanda kutoka pwani, na Mwadime alikuwa anangoja kwenye pengo. Alishuka, akatoka pamoja na Mwakio. Pengo likafungwa.

Asubuhi iliyofuata walisimama watatu nje ya mpaka, karibu na jabali, mahali ambapo wangeweza kuona jabali na fighi kwa pamoja. Wingu lilikuja juu sana, kama yalivyokuwa yakija mawingu yote ya miaka hiyo, likiipita milima kwa mbali kama mgeni asiyetaka kukaribishwa. Lilifika juu ya jabali. Ukingo wake wa chini ulianza kuchanika. Uzi mmoja mweupe ukanyooka kuelekea mwambani, ukagusa mchoro, ukabaki. Ukaja wa pili. Kisha upande mzima wa wingu ukalegea na kuteremka, taratibu, kimya, na katikati ya mchoro pakaanza kuwa peusi, ule weusi wa mwamba uliolowa.

Hayo Mghoi aliyatarajia. Modeli yake ya kompyuta ilikuwa imeyatabiri, na alihisi ule uradhi tulivu wa hesabu iliyotoka sawa.

Lakini wingu halikusimama. Lilijaa mbele ya jabali mpaka likamwagika, likaanza kuteremka mlima. Lilifuata ukanda ule ule waliouzunguka kwa miguu, au labda lilifuata tu bonde dogo lililokuwapo siku zote na ambalo hakuna aliyelipima. Lilifunika tuta la saba, la sita, la tano. Nyumba ya Mwakio ikaingia ndani yake mlango kwanza, kisha paa. Likafika kwenye fighi ya zamani, ambayo modeli ilikuwa imeiandikia kifo, na likaingia kati ya mashina bila kutikisa jani.

Mwadime alikuwa amevua kofia.

"Hilo ulilichora?" Mwakio aliuliza hatimaye.

"Hapana."

"Ulilipigia hesabu?"

"Hapana."

"Basi nani kalifanya?"

Mghoi alifungua mdomo ataje ubaridi wa mwamba, uzito wa hewa yenye maji, umbo la bonde. Yote yalikuwa kweli. Akayapanga, akayaona hayatoshi, akaufunga mdomo. Tukio moja si matokeo. Huenda lisingejirudia tena. Wala asingeweza kuingia kupima.

"Sijui," alisema.

"Rudia."

"Sijui, kaka."

Mwakio hakucheka. Alikuwa anaangalia mahali paa lake lilipokuwa.

Ukungu ukawafunika nao pia. Jabali likatoweka, mlima ukatoweka, na Mghoi akashindwa kuuona mkono wake mwenyewe. Ndani ya weupe ule tone moja lilianguka kutoka juu ya mwamba likagonga jiwe. Likafuata la pili. Kwa mazoea alianza kuhesabu ili apate kasi ya mtiririko, akahesabu kwa uangalifu, vidole vikikunjwa kimoja kimoja, mpaka matone yakaja mengi kwa pamoja, yakashikana, yakawa sauti moja ndefu, na vidole vyake vikabaki vimekunjwa hivyo hivyo bila kujua vimefika ngapi.